Mbwa Aende Pwani kwa Saa za Bahari

Jumapili alasiri, ufukwe wa Coco jijini Dar es Salaam huwa umefurika. Mihogo inakaangwa, mishikaki inageuzwa juu ya makaa, watoto wanakimbizana na mawimbi, na magari yamebanana kando ya Barabara ya Toure hadi mtu akose pa kupita. Katika umati huo siku hizi hawakosekani mbwa. Mmoja kafungwa kwenye mguu wa meza ya plastiki, mwingine anaufuata mpira ndani ya maji, wa tatu kaachwa garini, kioo kimeshushwa vidole viwili, na mwenyewe ameaga kwamba anarudi sasa hivi. Mombasa hali ni hiyo hiyo, kuanzia Nyali hadi ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambako mbwa hukumbana pia na ngamia wanaobeba watalii.

Wenye mbwa hao wanawapenda. Asiyempenda mbwa hahangaiki kumpeleka kuogelea. Ila saa waliyoichagua ni saa yao wao: baada ya kanisa, baada ya chakula cha mchana, kabla foleni ya kurudi mjini haijaanza. Makala haya yanatetea jambo moja: mbwa apelekwe pwani kwa saa za jua na saa za maji, kama mvuvi anavyotoka. Mengi yanayowaumiza mbwa ufukweni, na baadhi ya yale yanayowaua, huamuliwa nyumbani kabla geti halijafunguliwa.

Tuanze na jua. Binadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo. Jasho lake ni la nyayoni tu, tena kidogo, na kazi kubwa ya kujipoza huifanya kwa kuhema. Hewa hupita juu ya ulimi na koo lililolowa, maji hugeuka mvuke, na joto huondoka na mvuke huo. Lakini hewa ya Pwani wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, imeshiba unyevu, na katika hewa ya namna hiyo mvuke hauondoki upesi. Mbwa anahema, anahema, na mwili haupoi. Ndiyo maana anaweza kuzidiwa na joto kwenye nyuzi 31 au 32 za selsiasi, ambazo kwa mtu aliyeketi kivulini na dafu mkononi ni hali ya kila siku. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Likifika 41 maisha yake yamo hatarini. Likipanda zaidi, ubongo, figo, ini na utumbo huanza kuharibika.

Wanaoumia haraka ni mbwa wa pua fupi, akina Bulldog na Pug, ambao njia zao za hewa zimebanwa tangu kuzaliwa na wanahema kwa shida hata sebuleni. Wazee, wanene na wenye manyoya mazito wanafuata. Lakini mwenye mbwa wa kienyeji asijidanganye kwamba wake kazaliwa na joto hivyo hadhuriki. Mbwa wa kienyeji mchana hulala uvunguni mwa gari au chini ya mwembe, na hutembea usiku. Yeye anaijua ratiba yake. Anayemtoa uvunguni saa nane mchana na kumkimbiza mchangani ndiye anayeivuruga.

Mchanga nao hupata moto kuliko hewa iliyo juu yake, na siku ya jua kali unaweza kupita nyuzi 50. Binadamu kavaa kandambili, hajui. Kipimo ni rahisi: mtu aweke nyuma ya kiganja chake mchangani na kuhesabu polepole hadi saba. Akiondoa mkono kabla ya kumaliza, nyayo za mbwa nazo hazitastahimili. Mbwa aliyeungua nyayo halalamiki palepale, maana furaha ya bahari imemzidi. Anaanza kuchechemea na kujilamba usiku.

Na gari? Mwaka 2005 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha vipimo vya joto ndani ya gari lililoegeshwa juani. Katika saa moja joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za selsiasi, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kushusha vioo kidogo hakukusaidia cha maana. Baadhi ya vipimo hivyo vilifanywa siku ambazo wengi wa Dar es Salaam au Mombasa wangeziita za baridi au za wastani. Kumwacha mbwa garini kando ya ufukwe "kwa dakika tano" ni jambo ambalo halina utetezi wowote, na walinzi wa maegesho wangefanya kazi njema kumfuata mwenye gari hadi anapokula.

Kwa hiyo saa za mbwa, kwa upande wa jua, ni mbili: alfajiri hadi kama saa 2 asubuhi, na jioni kuanzia saa 11. Asubuhi ni bora, kwa sababu mchanga umelala usiku kucha ukipoa, na kwa sababu nyingine itakayoonekana mbele: watu ni wachache.

Jua ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni maji, na hapo watu wa mjini wana mengi ya kujifunza kwa wavuvi.

Mwambao wa Afrika Mashariki una maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, na ni maji yenye nguvu. Kutoka kujaa hadi kujaa kwingine ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku wakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ufukwe uliokuwa mpana Jumapili iliyopita saa 10 jioni unaweza kuwa umefunikwa Jumapili hii saa hiyo hiyo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makubwa na madogo hupita mita tatu sehemu nyingi za mwambao huu. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, tofauti huwa ndogo na mikondo hutulia. Mvuvi huyajua haya kwa kuutazama mwezi. Asiyejua hana sababu ya kubahatisha: mamlaka za bandari hutoa majedwali ya maji ya mwaka mzima, na simu nyingi za siku hizi zinaweza kuyaonyesha.

Kuna jambo moja katika kujaa kwa maji ambalo huwahadaa wageni. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya zamani: ukigawa kimo chote cha maji mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu na ya nne mafungu matatu kila moja, kisha mwendo hupungua tena mawili na moja. Maana yake, nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Mtu aliyetoka na mbwa wake wakati maji yamekupwa, akaona saa ya kwanza hakuna lililobadilika, huzidi kusogea ndani akiamini ana muda. Hana.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwenye fukwe tambarare kama Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, au Nyali na Bamburi kwa upande wa Kenya, ambako maji yakikupwa huacha uwanda mpana hadi karibu na mwamba. Mbwa huko hupagawa kwa furaha: madimbwi, kaa wa kukimbiza, nafasi isiyo na mwisho. Lakini uwanda huo si sawa. Una mabonde, na maji yanaporudi hujaza mabonde kwanza, pamoja na yale yaliyo karibu na nchi kavu. Mtu anasimama pakavu huku nyuma yake, kati yake na minazi, mfereji umeshajaa na unakwenda kasi. Yeye atavuka kwa miguu, maji yakimfika kiunoni. Mbwa wake atavuka kwa kuogelea, dhidi ya mkondo.

Kuogelea kwenyewe ni jambo linalosemwa kwa wepesi mno. Watu huamini kila mbwa anazaliwa akijua kuogelea. Mbwa wengi wakitiwa majini huchapa miguu, lakini kuchapa miguu si kufika. Bulldog, kwa kichwa chake kizito na miguu mifupi, hushindwa hata kujiinua pua. Mbwa wengine huchoka baada ya muda mfupi, na mbwa aliyechoka hasemi. Huzidi kuzama sehemu ya nyuma hadi anasimama wima ndani ya maji. Jambo baya ambalo mwenye mbwa anaweza kulifanya wakati huo ni kusimama mahali pamoja na kumwita kwa nguvu. Mbwa mtiifu atauelekea mkondo uso kwa uso, atapiga miguu hadi nguvu zimwishe, na hatasogea. Atembee kwanza, ashuke ufukweni upande ambao maji yanaelekea au yalipotulia, ndipo amwite kutoka huko, ili mbwa aje akikata mkondo kwa ubavu.

Wala asijitose kumfuata. Shirika la uokoaji baharini la Uingereza, RNLI, ambalo limekuwa likiwatoa watu majini tangu 1824, huwaonya wenye mbwa kila mwaka juu ya jambo hili: mara nyingi mbwa hufanikiwa kutoka mwenyewe, na anayepotea ni mtu aliyeingia kumwokoa. Ushauri wao ni kubaki nchi kavu na kuita msaada. Kwetu msaada huo ni wavuvi na vijana wa vyombo, na anayefika pwani mapema akawasalimu na kuuliza habari za maji atakuwa na watu wa kuwaita kwa jina.

Nchini Italia kuna shule maalumu ya mbwa waokoaji majini, iliyoanzishwa na Ferruccio Pilenga mwaka 1989. Mbwa wake, wengi wakiwa wa jamii ya Newfoundland na Labrador, hufunzwa kwa muda mrefu hadi kuruka baharini kutoka kwenye helikopta na kumvuta mtu aliyezidiwa. Mbwa hao mabingwa huvishwa mkanda wa kifuani wenye mpini wa kushikia. Ikiwa mabingwa wanavishwa, mbwa wa Jumapili aliyezoea ua wa saruji Tabata au Kasarani ana haja zaidi. Jaketi la kuelea la mbwa si rahisi kulipata madukani kwetu, lakini mkanda wa kifuani na kamba ya mita kumi vinapatikana, na kamba hiyo humruhusu kuingia hadi maji ya tumbo bila kuchukuliwa. Isifungwe shingoni. Wimbi likimvuta, kamba ya shingoni itamnyonga.

Sasa maji yale yale, kwa upande wa kinywa. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Mbwa anayerushiwa mpira kwenye mawimbi hufungua kinywa kila anapoudaka, na kila mara humeza. Mwenyewe hamwoni akinywa, anamwona akicheza. Baada ya nusu saa ya mchezo kiasi kilichoingia kinaweza kuwa kikubwa. Chumvi ikizidi tumboni huvuta maji na kuleta kuhara. Ikizidi katika damu huyavuta maji kutoka ndani ya seli za mwili, zikiwemo za ubongo. Huanza kwa kutapika na kuharisha, kisha mbwa hulegea, huyumba, hutetemeka, hupatwa na degedege. Mwaka 2018, jimboni Florida, Labrador mmoja alikufa siku chache baada ya kucheza ufukweni na kumeza maji ya bahari, na habari yake ilienea duniani kwa kuwa wengi waliopenda mbwa hawakuwahi kusikia kwamba jambo hilo linawezekana. Alikuwa mbwa mwenye afya njema.

Kinga yake haina gharama. Mchezo wa majini usimamishwe kila baada ya robo saa hivi, mbwa atolewe, aketi kivulini, apewe maji baridi ya kunywa, kidogo kidogo na mara nyingi. Mpira mkubwa ubadilishwe kwa kitu bapa kinachoelea, ambacho mbwa hukibana kwa meno bila kuachama sana. Chupa mbili za lita moja na nusu na bakuli la plastiki ndio mzigo wote. Tahadhari moja tu: mbwa ambaye tayari anayumba au kutetemeka asilazimishwe kunywa maji mengi kwa pupa, kwa sababu chumvi ya damu ikishuka ghafla ubongo huweza kuvimba. Huyo ni wa daktari, na haraka.

Habari ya mbwa mwenye kiu si ngeni kwa watu wa mwambao. Waliosoma madrasa wamesimuliwa hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani kunywa, na alipopanda akamwona mbwa akihema na kulamba udongo mbichi kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mafundisho hayo yapo, yanajulikana, na yanakaa pamoja na mafundisho mengine kuhusu mbwa ambayo mwenye mbwa wa pwani, awe wa dini yoyote, analazimika kuyaheshimu.

Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa na mguso wa mbwa aliyelowa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyevaa kanzu safi akingojea magharibi, au mama aliyetandika mkeka wake mchangani, akirushiwa maji na mbwa anayejikung'uta, amepewa kazi nzito na aibu mbele za watu. Hilo si suala la kuwachukia wanyama. Na wapo wengine, Waislamu na Wakristo, ambao woga wao una sababu: waliumwa utotoni, au walikua karibu na mageti yenye mbwa wa ulinzi waliofunzwa kurarua. Kumwambia mtu wa namna hiyo "usiogope, haumi" hakumwondolei hofu hata chembe.

Na hofu hiyo humrudia mbwa. Anayeogopa huokota jiwe, au hupiga teke, au hukimbia akipiga kelele, na mbwa aliyekuwa akicheza hugeuka kumfukuza. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, lakini hakuna sheria itakayofika mchangani kabla ya jiwe. Kamba itafika, kwa kuwa iko mkononi. Mbwa aliyefungwa kamba fupi mbele ya watu ni mbwa ambaye hajamgusa mtu, hajaparamia mkeka, hajamshtua ngamia, hajakata kamba za mwani za akina mama wa Jambiani ambao mashamba yao, kwa asiyejua, huonekana vijiti vitupu tu vilivyochomekwa majini. Kila mwenye mbwa anayefunga kamba huwafungulia njia wengine watakaokuja na mbwa wao wiki ijayo. Kila anayeachia ovyo huwaletea marufuku.

Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ni sehemu ya kamba hiyo. Ufukweni kuna mbwa koko, wengine wakiishi kwa makombo ya vibanda, na mgeni mwenye mkanda mpya kifuani ni mvamizi kwao. Mapigano huja ghafla. Mbwa aliyechanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kama daktari wa mifugo anavyopanga ana kinga. Asiyechanjwa akiumwa ni msiba wa nyumba nzima. Kisiwa cha Pemba kimeonyesha kwamba ugonjwa huu unashindika. Kampeni za chanjo kwa mbwa zilizoanza mwaka 2010 ziliuondoa kisiwani kufikia 2014. Chanjo zilipolegea, virusi viliingizwa upya mwaka 2016, na kwa kuchanja tena viliondolewa mwaka 2018. Kiwango ambacho wataalamu hukilenga ni asilimia 70 ya mbwa wote. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kinyesi kiokotwe. Minyoo ya safura ya mbwa hutaga mayai yanayotoka na kinyesi. Viluwiluwi vyake huishi kwenye mchanga wenye joto na unyevu na kupenya ngozi ya binadamu anayetembea peku, vikiacha mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha usiku kucha. Wanaolala mchangani zaidi ni watoto. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, kwa hiyo mwenye mbwa aje na gazeti au koleo dogo, na mbwa mwenyewe apewe dawa ya minyoo kwa ratiba.

Kinachobaki mchangani baada ya watu kuondoka ni hatari ambayo haizungumzwi, na ni ya kwetu kabisa. Gunzi la hindi la kuchoma, lililotupwa likiwa na harufu ya chumvi na ndimu, ni kitu ambacho mbwa hukimeza kwa vipande vikubwa. Halimeng'enyeki, hukwama kwenye utumbo mwembamba, na mara nyingi hutolewa kwa kisu cha daktari. Kijiti cha mshikaki ni kibaya zaidi: mbwa hukimeza pamoja na mabaki ya nyama, na ncha yake hutoboa tumbo siku kadhaa baadaye, wakati mwenyewe ameshasahau kwamba walikwenda pwani. Ongeza ndoana zenye chambo zilizoachwa na wavuvi wa mshipi. Mbwa akimeza ndoana na mshipi ukawa unaning'inia mdomoni, usivutwe. Kuvuta ni kuichimbia ndani. Ufungwe kwenye kola yake, na safari iwe ya kwa daktari.

Asubuhi na mapema, saa ambazo makala haya yanazisifia, vinakuwapo pia vilivyotupwa na nyavu. Samaki aitwaye bunju ni mmojawapo. Wavuvi humtoa wavuni na kumtupa kwa sababu wanamjua, mbwa hamjui. Sumu yake, tetrodotoksini, haiharibiwi kwa kupikwa wala kukaushwa, hupooza misuli hadi ile ya kupumulia, na haina dawa ya kuivunja nguvu. Nahodha James Cook alionja ini na mayai ya samaki wa jamii hiyo huko New Caledonia mwaka 1774, akapatwa na ganzi ya miguu na mikono usiku huohuo, na nguruwe aliyekula matumbo ya samaki huyo alikutwa amekufa. Sumu hiyo hiyo ilijitokeza kwenye fukwe za Auckland, New Zealand, mwaka 2009, pale mbwa walipokufa baada ya kugusana na konokono wa baharini wasio na magamba. Watafiti waliwapima konokono hao na kuikuta ndani yao, jambo ambalo halikutarajiwa. Mbwa aliyekula kitu cha ufukweni, akaanza kudondokwa na mate, kutapika na kulegea miguu, hana muda wa kungojwa aone kama atapata nafuu.

Mzoga wa kasa nao uachwe mbali. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Ikiwa nyama iliyopikwa iliwafanya hivyo binadamu, hakuna sababu ya kumwachia mbwa mzoga uliooza juani. Kasa walio hai wanamhitaji mbwa awe kambani kwa sababu nyingine: mbwa huchimbua viota vyao, na Watamu na kusini mwa Kigamboni wapo wanavijiji wanaokesha kuvilinda.

Haya yote mtu binafsi anaweza kuyafanya. Yapo mawili yasiyo ya mtu binafsi. Manispaa zinazokusanya ushuru wa vibanda na maegesho kwenye fukwe za umma ziweke ubao wenye saa za maji za kila siku, na bomba la maji baridi karibu na njia ya kuingilia. Ubao huo utamfaa mtoto aliyekuja kuogelea kabla haujamfaa mbwa. Bomba litamfaa kila mtu.

Joto likimzidi mbwa palepale ufukweni, wengi humbeba mbio hadi garini. Nia ni njema, mpangilio ni mbaya. Madaktari wa wanyama siku hizi wanasisitiza kupoza kwanza, kusafirisha baadaye, kwa kuwa viungo huharibika kwa kila dakika ambayo joto linabaki juu. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa mbwa waliofikishwa kwa madaktari kati ya 2016 na 2018 ulionyesha kwamba takriban mmoja tu kati ya watano alikuwa amepozwa kabla ya safari. Mbwa apelekwe kivulini, amwagiwe maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake, hata ya bahari, mfululizo, huku akipepewa kwa kanga au sinia. Taulo lililolowa lisifunikwe juu yake na kuachwa, maana hushika joto. Maji yasimwagwe puani. Akianza kupumua kwa utulivu, ndipo gari liondoke, vioo vikiwa wazi.

Namba ya daktari wa mifugo anayepokea simu Jumapili itafutwe Ijumaa. Jioni mbwa akifika nyumbani aoshwe chumvi kwa maji baridi, akaushwe masikio, achunguzwe katikati ya vidole kama kuna kipande cha chupa au mwiba wa baharini. Akitapika mara moja na kulala vizuri, atazamwe. Akitapika tena na tena, akikataa chakula, tumbo likiwa gumu, akiyumba au akitetemeka, simu ipigwe usiku huohuo, na daktari aelezwe mambo matatu bila kuzungushwa: alikaa majini muda gani, alionekana akila nini, na dalili ya kwanza ilianza saa ngapi.